KIGANGO CHA BABA: HESHIMA AU IBADA?

 

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, hapa mtaa wa Tassia, aliinuka kijana mmoja akatuuliza suala ambalo hatukulijibu usiku ule. Hatukulijibu kwa sababu jawabu lililokuwa tayari mdomoni silo lililokuwamo moyoni. Kijana huyu ni Mgiriama, kwao ni bara ya Malindi, naye aliingia katika Uislamu miaka michache iliyopita alipokuwa kibarua katika haya magorofa yanayoota kila siku Embakasi. Baba yake alifariki hali hakusilimu. Sasa kaka yake mkubwa amempigia simu kumwarifu kwamba marehemu amemjia ndotoni mara tatu akilalamika kuwa apigwa na baridi, na mganga amesema mzee ataka kigango. Kila mtoto wa kiume atoe fungu lake: ujira wa fundi wa kuchonga, nguo ya kufunga, mbuzi, na tembo la mnazi. Na asiyetoa, maradhi ya watoto yakizidi, atajulikana ni nani aliyeyaleta. Mama yake kwa upande wake hakutaka pesa. Alichukua simu akasema neno moja tu: "Mwanangu, usipokuja wataniuliza mimi nilizaa nini."

Jawabu la mdomoni ni jepesi. Shirki ni shirki, aliyetoka gizani harudi gizani, na wanaokasirika na wakasirike. Tuliwahi kulitoa jawabu hilo, na hapa yatupasa tukiri. Miaka mingi nyuma kijana mwingine, Mkamba, alituuliza mfano wa suala hili juu ya mambo ya kwao, nasi tukamwambia akate mguu kabisa, asiende wala asipeleke kitu. Alitutii. Miaka minne hakukanyaga kwao. Mama yake alipofariki alizikwa yeye hayupo, kwani ndugu zake hawakuona haja ya kumwarifu mtu aliyekwisha kujitoa. Hakutulaumu, na huko kutotulaumu ndiko kunakotukaa kooni mpaka leo. Tulidhani tumemfundisha tauhidi. Kwa hakika tulimfundisha kuiogopa mizimu ya kwao kuliko alivyoiogopa kabla ya kusilimu, hata akawa hawezi kupita uwanja wa mamake kwa kuihofia.

Basi safari hii tulimwambia kijana wetu atupe juma moja, tukakaa na wenzetu wa darsa tukalizungumza.

La kwanza tuliloona ni kuwa aghalabu ya wahubiri wetu hukihukumu wasichokijua. Husema "sanamu za Wanyika" na huo ndio mwisho wa elimu yao, na hata hilo jina la Nyika ni la dharau ambalo wenyewe walikwisha kulikataa, wakajiita Mijikenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Masimulizi yao yasema walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakakimbilia kwenye vilima vya nyuma ya pwani wakajenga kaya, yaani miji iliyozungukwa na msitu, na katikati ya mji wakafukia fingo la kuwalinda. Watu walikwisha kuhama katika kaya hizo zamani, lakini wazee hurudi humo kuomba mvua na kuondoa balaa. Wanayemwomba humwita Mulungu. Na hapa ndugu msomaji na asimame kidogo. Sisi tunapomtaja Mwenyezi Mungu kwa Kiswahili, hilo neno Mungu tulilichukua wapi? Si la Kiarabu. Ni neno moja na lile la Wagiriama, tumelirithi kwa wazee wetu wa Kibantu, kisha Uislamu ukalisafisha maana yake bila ya kulitupa. Anayedhani kuwa wenziwe hawakumjua Muumba hata walipofikiwa na Mwarabu au mmishonari, ulimi wake wenyewe wamkanusha.

Walakin baina yao na Mulungu kuna koma, nao ni roho za waliokufa. Koma hukasirika, huona njaa, huona baridi, huja ndotoni. Na mzee aliyekuwa katika chama cha wazee wakubwa kiitwacho Gohu, akifa, hupasiwa achongewe kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichotiwa nakshi za pembetatu, husimamishwa penye makumbusho ya jamaa, hufungwa vitambaa, na mbele yake humwagwa tembo na kuchinjwa. Kisha haking'olewi. Jamaa wakihama, chenyewe hubaki pale pale mpaka kiliwe na mchwa.

Je, hicho ni kumbukumbu au ni mungu? Tukiwauliza wenyewe watasema ni kumbukumbu, na hawasemi uwongo. Lakini tuitazame habari ya kaumu ya Nuhu (a.s.). Katika Sura ya 71 wametajwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, nayo imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari kwamba hao walikuwa watu wema. Walipokufa, watu wao walisimamisha alama katika mabaraza waliyokuwa wakikaa, wakaziita kwa majina yao. Kizazi kile hakikuziabudu. Kilipoondoka kizazi kile na elimu ikapotea, ndipo zikaabudiwa. Hii ndiyo habari ya kigango tangu mwanzo wake hata mwisho. Haikuanza kwa uovu, ilianza kwa mapenzi: mtoto aliyempenda babake alitaka pawe na kitu pale alipokuwa akikaa. Mapenzi hayo hayana kosa. Kosa liliingia siku ile mtu wa kwanza alipoogopa kwamba asipomwaga tembo mwanawe ataugua.

Kwa hivyo mpaka tuutafutao haupo katika mti wala katika nakshi. Upo katika khofu na matumaini. Unapomkumbuka babako, ukasafisha kaburi lake, ukalipa deni lake, ukawatembelea marafiki zake, wewe ni mwana mwema. Unapomtarajia akupe mvua au kumwogopa asije akakutia maradhi, umempa kilicho cha Mola wake na wako, na wala hukumsaidia marehemu kwa lolote, maana yeye mwenyewe ni mja aliyekwisha kukabidhi alichokuwa nacho.

Tumelisema hili, sasa yatupasa tujitazame sisi, kwani katika darsa yetu wapo waliocheka kijana alipotaja ndoto ya baridi. Aliyecheka kwa sauti kuu kuliko wote ni mtu wa pwani, wa ukoo mkubwa, naye ana hirizi tatu mkononi. Pwani yetu ilikuwa ikizungusha ng'ombe mjini kwa dufu na uradi kisha ikamchinja ili balaa ipite. Makunduchi kule Unguja hata leo mwezi wa Julai hukoga mwaka kwa kupigana magomba na kuchoma kibanda, na huo mwaka wenyewe ni Nairuzi, mwaka wa jua wa Waajemi. Na ni wangapi katika wanawake zetu, na wanaume wetu wanaojificha nyuma ya wanawake, waliochezewa ngoma za pepo, wakanywa damu ya mbuzi, kisha alfajiri wakatia udhu wakasali? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947, aliyapigania mambo ya namna hii katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, Mombasa, miaka ya 1930, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Yeye alianza kwa watu wake mwenyewe, wanaosoma Qur'ani usiku na mchana. Hakupanda bara kuwacheka wengine. Kigango cha Mgiriama chaonekana kwa kuwa kimesimama uwanjani. Cha kwetu kimeshonwa ndani ya ngozi kikavaliwa shingoni, na ndani yake tumeandika aya, ndipo tukakiita dini.

Limezuka hapo jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Mmoja wa vijana alisema: ikiwa kigango ni sanamu, basi si dhambi kuking'oa, na kama chapata bei, na kiuzwe. Usidhani kuwa alifanya mzaha. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi vimeng'olewa usiku, aghalabu na vijana wa vijiji vile vile, vikauzwa kwa wenye maduka ya watalii, vikaishia katika majumba ya matajiri na makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirejea kwa jamaa yao huko Kilifi, navyo viliibwa mwaka 1985. Miaka yote hiyo, kila ukame na kila maradhi katika nyumba ile yaliambatishwa na wizi ule. Sisi twasema: huu ni wizi, na ubaya wake haupungui kwa kuwa kilichoibwa si cha dini yako. Mtume (s.a.w.) alizivunja sanamu za Al-Kaaba hadharani, siku Makka ilipofunguliwa na hukumu ikawa mikononi mwake. Miaka kumi na mitatu aliyokaa Makka kabla ya hapo alikuwa akiswali mbele yake wala hakung'oa hata moja usiku. Na kumuuzia Mzungu mungu wa jirani yako si kuvunja shirki, ni kuifanyia biashara. Wala mnunuzi aliyekitundika ukutani kuwa pambo hakukiheshimu zaidi ya mwizi.

Vivyo hivyo habari ya misitu. Kaya ni makao ya miti ambayo kwingineko pwani imekwisha kukatwa, na iliyoiokoa ni miiko ya wazee: usikate, usichunge mifugo, usiingie ovyo. Shirika la UNESCO liliiandika misitu hiyo katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwalisha Wagiriama kiapo cha kuikataa kazi ya kulazimishwa na kodi ya Mwingereza, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti.  Kule Kinondo, karibu na Diani, wazee wa kaya ni Wadigo, na Wadigo walio wengi ni Waislamu. Twawanasihi ndugu zetu hao waache kila dua isiyoelekezwa kwa Mungu, lakini twawaomba pia wasiuache msitu. Mtume (s.a.w.) aliitukuza Madina akakataza miti ya haramu yake isikatwe. Kwamba aliyekutangulia katika jambo jema alilifanya kwa sababu isiyo sawa, hilo halikupi ruhusa ya kufanya baya kwa sababu iliyo sawa.

Suala hili, ndugu msomaji, si la Mgiriama peke yake. Katika ngazi za gorofa moja ya Tassia utamkuta Mkikuyu ambaye babu yake aliomba chini ya mugumo akiuelekea mlima Kirinyaga, na Mluo, na Mkisii, na Mluhya, kila mmoja na wafu wake aliowaacha nyumbani. Hata mbali na Afrika, katika kisiwa cha Borneo, jimbo la Sabah la Malaysia, wako watu waitwao Kadazan-Dusun, ambao wazee wao waliamini kuwa mpunga una roho, na kuwa roho za wafu huenda kupumzika juu ya mlima Kinabalu. Walikuwa na makuhani wanawake, wakiitwa bobohizan, waliojua dua ndefu za kuirudisha roho ya mpunga baada ya mavuno, na sikukuu ya mavuno hayo yaadhimishwa hata leo mwishoni mwa Mei. Wengi wao sasa ni Wakristo na wengine ni Waislamu, nao hujiuliza kama kijana wetu: nikila wali wa sikukuu pamoja na mamangu, nimekula chakula au nimekula ibada?

Wale Maswahaba waliosilimu karibuni, walipokuwa njiani kwenda Hunayn, walipita penye mkunazi ambao washirikina hutundika silaha zao kutaka baraka, wakamwomba Mtume (s.a.w.) awafanyie na wao mti kama ule. Alilikemea neno lao kwa ukali, akalifananisha na walilolisema Bani Israili kumwambia Musa. Lakini hakuwafukuza. Alikwenda nao vitani. Wanavyuoni wengi huisoma hadithi hii kwa ajili ya lile kemeo, nasi twaona haya kuwa tulichelewa kuuona upande wake wa pili.

Na kuhusu wazazi hapana giza lolote. Sura ya Luqman, aya ya 14 na ya 15, imefundisha kuwa wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu usiwatii, na papo hapo ikaamrisha ukae nao duniani kwa wema. Amri mbili katika pumzi moja, na sisi hushika ya kwanza tukaiachia ya pili. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa Madina na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akaogopa kumpokea mpaka amuulize Mtume (s.a.w.), akaamrishwa amuunge.

Jingine lililotutia wasiwasi ni lile tishio la kwamba asiyetoa fungu atajulikana. Maneno hayo si ya kupuuza. Katika Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine na wana wao wenyewe, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pana shamba linalotakiwa kurithiwa. Ndoto huanza na koma na huishia na panga. Hapa ndipo tulipoona kuwa kijana wetu hana haki ya kukaa mbali akajisifu kwa usafi wa itikadi yake, kwani yawezekana yeye ndiye mtu pekee katika nyumba ile asiyeiogopa ndoto, na mtu asiyeogopa ahitajiwa pale wanapoogopa wengine.

Basi tulimjibu hivi. Asitoe senti ya tembo, wala ya mbuzi wa koma, wala ya ujira wa kuchonga kitu kitakachochinjiwa. Asiukwepe ukweli kwa kusema hana pesa, bali amwambie kakake waziwazi kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa kuwa hili hawezi, na hizi ndizo sababu. Kisha aende. Achukue zaidi ya lile fungu aliloombwa, amwezekee mama nyumba, awalipie watoto wagonjwa hospitali, aulize kama mzee aliacha deni. Kuna aliyesema achinje mbuzi wake mwenyewe kwa jina la Mungu awalishe jamaa, na hapo tulibishana hata Isha ikaadhiniwa, wengine wakikhofia kuwa watu watamhesabu kuwa ndiye mbuzi wa koma. Tuliikumbuka hadithi ya mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) aliuliza kwanza: palikuwapo sanamu ya kuabudiwa pale? Palikuwa na sikukuu yao? Alipoambiwa la, akamruhusu. Tukamwambia achinje, ila si pale penye kigango, wala si siku ya kigango, na amweleze mama kabla ya kisu.

Alikwenda siku kumi na mbili. Kakake hakusema naye siku tatu za mwanzo. Kigango kilisimamishwa, naye siku ile alishinda na mamake jikoni akimchotea maji, na wazee walipita wakamwona, mmoja akamwita mwanamke, akanyamaza. Mtoto mmoja alipelekwa hospitali akaonekana ana malaria. Siku ya tisa alimchinja mbuzi wake mlangoni pa mamake, na kakake alikuja kula, akakaa kitako, akauliza kwa nini nyama hii haina tembo, watu wakacheka na yeye akacheka.

Aliporudi Tassia alituletea suala la pili. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama alikuwa amemwomba amwite kwa jina la babu, kama ilivyo ada yao. Yule aliyemsilimisha alikuwa amemfundisha kwamba majina ya akina Karisa na Katana na Kazungu ni ya ukafiri, lazima yaachwe. Tulimuuliza jina hilo lina maana ya kumwabudu asiyekuwa Mungu? Akasema halina. Tukamwambia Umar (r.a.) aliitwa Umar alipokuwa akizisujudia sanamu, na aliitwa Umar alipokuwa Amiri wa Waumini, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe siku ya Hunayn alijitaja mbele ya adui kuwa ni mwana wa Abdul-Muttalib. Aliyabadili majina yenye maana mbaya, mengine akayaacha.

Siku ya saba tulikwenda kwake, gorofa ya tano, maji hayakuwapo juma lile na ndoo zimejaa ngazini. Akika ilikuwa mbuzi wawili. Alimpigia simu mamake, akaiweka simu karibu na mtoto, nasi tukamtaja mtoto kwa jina la babu yake.